Daftari la Mitungi

Kaka yangu Hamdun anauza gesi hapa Al Khoudh,
nyuma ya duka la kushonea madishidasha,
na mimi ndiye karani wake. Safu mbili:
*Umetoka. Umerudi.*
Mtungi hutoka umejaa, hurudi mtupu,
tunaugonga kwa spana tusikie unavyolia.

Januari, ukurasa wa mwisho kabisa, kwa penseli,
nikaanza kuandika na vyangu.
"Sabuni ya Mama": imetoka, Nairobi.
"Mpangaji wa Juu": imetoka, Dar es Salaam.
"Chumvi": imetoka, shindano la Mombasa,
ada nimelipia kadi ya Hamdun,
nikamwambia ni vocha ya simu.

Februari, kimya.
Machi wadi likashuka, likabeba pikapu ya jirani
na mbuzi wawili, na usiku ule ule
"Chumvi" ikarudi.
"Tumeisoma kwa furaha kubwa," wameandika,
kama nesi anayekusifia mishipa
huku sindano anayo mkononi.

"Mpangaji" akarudi Aprili. Akatoka. Akarudi Mei.
Mtungi hurudi mtupu, ndiyo kazi yake.
Hadithi hurudi imejaa vile vile,
tena nzito kuliko ilivyotoka,
na hakuna lori linalopita Jumanne kuichukua.

Juni, nyuzi arubaini na tisa, rutabu za kwanza sokoni.
Mhariri mmoja: "Unakaa Oman,
mbona humu sijaona hata ngamia?"
Mwingine, "Sabuni" ilipomrudisha kwangu:
"Habari za Unguja waachie walioko Unguja."
Hiyo nilikaa nayo siku nne.
Mama alishuka Maskati na cherahani
na Kiswahili chake, na vyote viwili vikatulisha.
Mimi nimezaliwa hapa. Binti yangu Shadhiya
namwita kwa Kiswahili, ananiitikia kwa Kiarabu.
Nijiandike safu ipi?

Nikamlilia shangazi Zuwena, aliyeko Ibra.
Akanitumia sauti, redio inapiga kelele nyuma yake:

*Mlango wagongwa sana, ndani watu wamelala,*
*usirudi ukanuna, ukajitilia jela,*
*wakisema "leo hana", rudi wakitoka sala,*

na mshororo wa nne haukufika. Simu ilikata.
Nilipompigia alikuwa kausahau,
akaniuliza bei ya kitunguu.

Agosti nilimtazama Motaleb, dereva wetu.
Mtungi akiutilia shaka haugombezi.
Hupaka povu la sabuni kwenye vali, akachutama, akangoja.
Panapovuja, povu huvimba.
Usiku nikaisoma "Sabuni" kwa sauti, jikoni,
polepole, mdomo karibu na karatasi.
Ukurasa wa tatu ukavimba:
pale nilipomliza mama.
Mama hakulia. Alifua.
Nikayatoa machozi yote, nikabakisha beseni.
Nikaituma tena Septemba, kwa jarida dogo la Tanga
ambalo sijui hata kama lina ofisi.

Novemba wakasema ndiyo.
Ndiyo tu, na "tutumie anwani".
Nilikuwa napokea simu ya mteja wa Al Hail,
nikamuuzia mitungi mitatu, alitaka mmoja.

Malipo ni nakala mbili. Moja imefika,
kona imelowa, jina langu limekuwa Mzuna.
Ya pili labda inasomwa na mtu wa forodha.
Hata kidogo simlaumu.
Shadhiya akaishika, akatafuta jina langu kwa kidole,
akasoma sentensi moja kwa tabu,
akauliza, kwa Kiswahili, "Beseni ndiyo nini?"

Kumi na tatu zimetoka mwaka huu. Kumi na mbili zimerudi.

Jana Hamdun kafunga hesabu. Anafunua, analamba kidole,
mpaka ukurasa wa mwisho. Kanitolea macho.
"Muzna, huyu mteja, Sabuni ya Mama,
kachukua tangu Septemba.
Mbona mtungi wake haujarudi?"

Nikamwambia, mwache,
bado anapikia.