Laki Nne na Themanini

Nimekuja Mwanjelwa na laki nne na themanini:
magunia sita ya viazi vya Igoma
na pesa ya kikoba niliyoiombea kwa viapo.
Ambokile hazihesabu. Anauliza kwanza,
"Ni ya kazi gani?"

Kazi ya kukaa, nasema. Kukaa na kuonekana.
Saa saba za usiku, Uyole imejifunika hadi puani,
mimi na sweta chini ya blauzi ya kitenge
nawafundisha Kiswahili watu
ambao kwao ndiyo kwanza jua linazama.
Mubashara. Hakuna kufuta, hakuna kurudia.
Simu imenishinda: inachemka kama chungu,
uso wangu unaganda, mdomo wazi,
katikati ya neno "ng'ombe".

Anacheka, lakini ameelewa.

Anashusha ya kwanza. Nyembamba, ya fedha,
nzuri kama harusi ya watu.
"Hii imetoka ofisini Ulaya, haijaguswa."
Naifungua: herufi A imefutika.
Kuna mtu kaandika A nyingi mno kabla yangu.
Na betri?
"Inategemea."
Inategemea nini?
"Inategemea umeme umekatika vipi."

Ya pili ni nyeusi, nzito kama tofali la kuchoma,
gigabaiti nane, feni inavuma
kama mashine ya kusaga ya mtaa wa pili.
Anaipigapiga mgongoni. "Hii haichoki."
Nampenda asiyechoka.

Ila kamera yake ya ndani ni aibu.
Nilijiona humo: meno, na shati la Ambokile nyuma yangu,
katikati moshi.
Rangi hii nimeirithi kwa shangazi Tupokigwe,
haijawahi kupotea popote,
hata kwenye picha za pasipoti za pale stendi.

Akaleta boksi la kamera za nje,
waya zimesukana kama nywele za mtoto aliyekataa kitana.
Ya elfu ishirini ikanifanya wa bluu.
Ya thelathini na tano ikanifanya mwekundu,
kama niliyeulizwa mahari mbele ya wageni.
Ya tatu alisita kuitoa. Elfu sabini.
Ina jicho linalojivuta lenyewe,
linatafuta, linasogea, linarudi nyuma.
Likatulia juu yangu.
Sijui kama umewahi kutazamwa na kitu
kisichokuharakisha.

"Taa nayo ni nusu ya kamera," akasema.
"Balbu iwe mbele yako, si kisogoni.
Ivishe karatasi nyeupe, isikuchome."

Tulibishana hadi muuza chai akapita mara mbili.
Laki nne na tisini na tano, hashuki.
Nimepungukiwa kumi na tano.
"Basi mfundishe mwanangu insha. Jumamosi tatu."
Tukapeana mikono.
Mpaka leo sijui nani alimlalia nani.

Usiku wa kwanza ikanyesha.
Mvua ya Uyole juu ya bati si mvua, ni kokoto.
Nilichagua jicho, nikasahau sikio.
Bi Colette, kule Montreal, akashika lake:
naona midomo yako, mwalimu, sikusikii.

Nikachana ukurasa wa daftari la kikoba,
nikaandika kwa kalamu nene, MVUA,
nikauinua mbele ya elfu sabini yangu.

Jicho likaanza kuhangaika.
Karatasi. Uso. Karatasi.
MVUA ikifumbuka, mimi nafifia;
nikirudi mimi, MVUA inayeyuka.
Halikujua limshike nani,
nami sikushusha mkono.

Bi Colette akaisoma polepole, bila sauti,
m, vu, a,
na feni ikavuma,
na umeme, ajabu, ukakaa.