Vipimo Hamsini na Saba

Saa kumi na moja alfajiri, Isevya,
kabla jirani hajawasha mashine ya kusaga,
naweka ulimi wa mwanzi mdomoni ulowe.
Kiangazi cha Tabora hakina huruma na mwanzi:
jana uliimba, leo umepinda kama kucha.
Ninazo ndimi nne. Moja ni nzuri.
Hiyo siigusi.

Maungio yamekauka, nayapaka nta
ya mizinga ya Mjomba Mihayo, kutoka Sikonge.
Klarineti nzima inanuka asali na moshi.

Watu husema mpingo huu uliondoka kwetu gogo,
ukavuka bahari, ukarudi na vibonye vya fedha.
Huenda.
Mimi niliukuta stoo ya bendi ya misheni,
umeviringishwa gazeti,
pedi tatu zimeliwa na panya.

Sasa sikia shida yangu.
Ukurasa wa nne umeandikiwa klarineti ya A.
Sina. Ninayo hii tu, ya B bemoli.
Basi kila noti naishusha nusu toni kichwani
kabla kidole hakijashuka:
naona C, napiga B,
kama mtu anayesomea watu barua ya mwenziwe
huku akibadili majina asimuumbue.
Na pale sauti inapovuka kutoka chini kwenda juu,
vidole vyote sharti vitue pamoja.
Kimoja huchelewa.
Ni kilekile, cha pete, mkono wa kulia.
Nimekitukana kwa Kinyamwezi na kwa Kiswahili.

Jioni Kulwa anatundika shuka mlangoni,
kwa kuwa huko Nairobi tutapiga nyuma ya pazia,
wasijue nani ni nani.
Yeye ndiye majaji wote watano.
Ananiacha nifike kipimo cha nane,
kisha, kwa sauti ya karani wa benki:
"Asante. Anayefuata."
Namchukia.
Namwomba turudie.

Lakini kilichonishinda hasa si noti.
Ni vile vipimo hamsini na saba vya kunyamaza
kabla mstari wangu haujaingia, peke yake, kwa sauti ndogo.
Kwenye usaili hakuna atakayeviuliza,
wao huruka kimya, huanzia penye wino.
Mimi nikikiruka, pumzi yangu huingia
kama mgeni asiyepiga hodi.
Kwa hiyo nahesabu. Nachambua mchele nahesabu,
foleni ya maji nahesabu:
moja mbili tatu,
mbili mbili tatu,
tatu mbili tatu.

Alhamisi, stesheni.
Treni kutoka Kigoma imechelewa, hakuna anayesema kwa nini.
Ulimi ule mzuri umelala ndani ya kopo la dawa
pamoja na ganda la chungwa, usikauke.
Kulwa amesinzia juu ya begi, mdomo wazi,
majaji wote watano.
Arobaini na nane mbili tatu,
arobaini na tisa…

Kuli mmoja ananiuliza saa.
Namjibu.
Moja mbili tatu.