Hatua za Uani

Siku ya tisa mkono wangu ukapima tena vikombe viwili vya mchele.
Mkono haukuwa umepewa habari.
Nusu nikala, nusu nikawamwagia kuku,
nikakaa kizingitini mpaka sufuria ikapoa.

Hapa Wete watu wana adabu na kizuka.
Wanakuja, wanakaa, wanasema, "Subira, Bi Mize, subira,"
kisha viatu vyao vinaondoka mlangoni
na nyumba inarudi kuwa kubwa.

Wiki ya nne nilikuwa naoga adhuhuri, au sioga.
Mchana nalala, usiku bundi.
Dawa ya presha ikanikumbuka yenyewe, kwa kizunguzungu.

Ndipo Bi Chumu akaita juu ya ukuta.
Hakuniambia subira.
"Wewe! Uani kwako hatua ngapi,
toka bombani mpaka mlango wa jiko?"
"Sijui."
"Basi hesabu, kesho unambie."

Ishirini na mbili.
Akasema muongo, kwake ni kumi na tisa,
na nyumba zote mbili kajenga fundi mmoja.
Nikahesabu tena. Zilikuwa ishirini na mbili:
hatua fupi, za mtu anayeogopa kufika.

Sasa nikishasali alfajiri natembea.
Mizunguko kumi, juzi kumi na tano,
kuku wananipisha kama bibi harusi.
Naoga kabla jua halijapanda ukuta. Dirisha nafungua.
Riziki anapiga simu toka Maskati: "Mama, umekula?"
Zamani nilijibu ndiyo, basi.
Siku hizi namtajia: muhogo, dagaa, mchicha, chungwa moja,
na yeye ananyamaza kidogo, nasikia anapumua.

Alasiri ni kofia ya Shaame, aliyoniachia nusu.
Viua vitatu kwa siku, si zaidi;
nikizidisha macho yanauma, na moyo nao.
Kuna alasiri sindano inakataa.
Hapo naiweka, nalia mpaka kilio kishibe,
nanawa uso, nawasha taa.

Sikupona. Asije mtu akasema Mize kapona.
Nimeamka tu, nimepiga mswaki,
nimepima kikombe kimoja,
mkono ukanuna, lakini ukapima.

Asubuhi hii ukuta ukauliza, "Ngapi?"
"Ishirini."
"Bado moja," akasema Bi Chumu,
akaenda zake kugeuza samaki wake.