Mchwa Walitangulia Mezani

Mwaka ule tumbaku ilipanda daraja.
Pale chama cha msingi, Sikonge, karani alinihesabia noti
hadi kidole gumba kikamkauka mate.
Nikanunua mabati, nikanunua pikipiki,
nikachinja jogoo siku isiyo sikukuu.
Nilikula nikashiba, nikalala.
Saa nane za usiku njaa ikaniamsha.

Si ya tumbo. Tumbo nililishika, limewambwa kama ngoma.
Ilikuwa juu yake kidogo, nyuma ya mbavu,
pale ambapo bibi Kalunde, tulipokuwa wadogo,
alipagonga kwa vidole viwili
na kuuliza: “Na humu leo mmeingia nini?”

Nikakumbuka sanduku lake.

Miaka kumi na moja lilikaa chini ya magunia ya mbolea.
Nilipita kando yake kwenda shamba, kando yake kurudi.
Nitasoma, nilisema, mvua ikikatika.
Mvua ilipokatika nikasema, bani likipoa.
Nikawasha kurunzi, nikafungua,
nikanyanyua Kitabu:
kilikuwa chepesi, chepesi mno, kama kuku mgonjwa.

Mchwa walitangulia mezani.
Walianza na mwanzo, kama wageni wenye adabu,
wakala bustani, wakala gharika na safina na njiwa,
wakatafuna wafalme bila kuchagua mwema na mbaya,
na pale walipokuwa manabii
wakajenga kichuguu cha udongo mwekundu.
Jalada tu lilisimama, kama ukuta wa nyumba iliyohamwa.
Nilicheka, kisha cheko likanikwama:
wadudu wasio na macho
walikijua chakula kilipo.
Mimi nina miwani.

Kilichosalia kilitosha kiganja.
Nusu ya ukurasa: mwanamke, kisima, jua la mchana,
na mtu mwenye kiu anayeomba maji,
kisha tundu.
Alimjibu nini?
Nilikaa na tundu lile hadi jogoo wa jirani akawika.
Wangu nilikuwa nimemla.

Asubuhi nikaenda stendi, kwa Nyamizi wa matobolwa,
ambaye hata jina lake huliandika kwa dole gumba.
Nilimwuliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayekopa.
Hakuacha kupanga mafungu yake.
Akaanzia ukingoni mwa tundu,
akaenda nayo hadi mwisho, hadi mtungi ulipoachwa kisimani,
bila kuinua macho,
kama mtu anayefagia uwanja wake mwenyewe.

“Umejifunzia wapi?”
“Kwa bibi yako. Yeye akisoma, mimi namenya viazi.
Mimi sina sanduku. Nikaanika humu.”
Akagonga kwa vidole viwili, juu kidogo ya tumbo.
“Kiazi kibichi hakifiki Januari, baba.
Chemsha, menya, kata, anika,
kikauke hadi mchwa wakidhani jiwe.
Halafu njaa na ije.”
Akanipa fungu moja
na akapokea pesa yake, biashara ni biashara.

Siku hizi, Alhamisi, stendi ikitulia,
nafika na daftari la mistari na vile vipande ndani ya mfuko wa nailoni.
Yeye anasema, mimi naandika.
Nikikosea neno anajua,
sijui anajuaje, labda anasikia kalamu ikienda kombo.
Yapo asiyoyajua. Pale tunaacha nafasi,
mistari mitatu, mistari minne nyeupe,
na wiki nzima mistari ile inanitazama.

Nilidhani ningepona. Sijapona.
Njaa bado inaniamsha saa nane,
ila sasa inabisha hodi
na mimi nina cha kuiwekea:
kipande kimoja, kikavu, kigumu kwenye jino.
Nakigeuza upande huu, upande ule.
Utamu wake hauna haraka.
Ndiyo kwanza umeanza kutoka.