Mkia wa Namba

Ngamiani barabara zina namba,
kama matoleo ya kompaila.
Mimi nakaa ya kumi na tatu,
juu ya fundi Salehe wa magodoro,
na juzi, saa nane za usiku, bando likiwa rahisi,
nikalishusha toleo la kumi na tisa.

Tangazo la mabadiliko nililisoma kitandani,
refu kama orodha ya michango ya harusi:
kiunganishi kipya, kasi maradufu;
swichi saba za kale zimestaafishwa, bila hafla;
msimbo usiofikiwa na yeyote utafagiliwa;
na makosa sasa yatasemwa kistaarabu,
kwa mshale mwekundu chini ya neno lenyewe.
Toleo la zamani lilikuwa likibwata "kosa!"
kama karani wa dirisha la tatu,
kisha linafunga dirisha.

Nikalijaribia mzani wa maziwa, kituo cha Pongwe,
programu aliyoiandika Mbelwa
kabla figo hazijamwisha.
Zamani kuijenga ilikuwa muda wa kukaanga kachori.
Safari hii maji ya chai hayajatoa mvuke,
imekwisha.
Imekwisha, ila imesema.
Maonyo sitini na moja.

Sitini nilicheka nayo:
vigezo vilivyozaliwa visitumwe popote,
mabano ya Mbelwa, aliyefunga kila kitu mara mbili
kama mlango wa sonara.
La sitini na moja halikuchekesha.

Mstari wa mia mbili na kumi na mbili:
namba yenye nukta inatiwa kwenye chombo cha namba nzima.
Mkia utakatika.

Na juu ya mstari huo, maneno ya Mbelwa,
yale ambayo mashine huyaruka na binadamu huyasoma:
*Hapa pamelala mtu, mwacheni na ndoto zake.*
Nilidhani mzaha.
Miaka tisa nikipita hapo kwa kunyata.

Lita sita na nukta nane: sita.
Lita nne na nukta tisa: nne.
Asubuhi na jioni.
Bi Mwanakheri wa Maweni,
anayefika na ndoo kanga ikiwa imelowa umande wa majani ya ng'ombe,
aliwahi kuniambia, "Ndoo yangu naijua, mwanangu.
Mzani wenu una kiu."
Nikamjibu, mashine haina tumbo, bibi.
Nilimjibu hivyo. Tena nimevaa miwani.

Mbelwa alijua? Sijui.
Kichakataji kile kilikuwa kidogo,
namba za nukta zilikitia kwikwi.
Pengine alisema atarudi kesho kuiweka sawa.
Yuko Mlalo sasa, na migomba inamwota kichwani.

Meneja akapiga simu.
"Si kuna swichi ya kulinyamazisha onyo?"
Ipo. Toleo jipya limeibakiza,
kama nyumba inavyobakiza mlango wa uani.
"Basi?"
Basi nikakata simu, nikasingizia mtandao.

Kubadilisha chombo kulitaka herufi tano.
Nikajenga upya.
Hakuna onyo, hakuna mshale,
na kimya hiki si kile.
Chini ya mstari wa marehemu nikaongeza wangu:
*Kaamka yule mtu, kadai maziwa yake.*

Lakini mikia ya miaka tisa haikuandikwa mahali.
Kilichokatwa hakikuhesabiwa, kilikatwa tu.
Nimepekua tangazo lote, hadi tanbihi:
kwa hilo hakuna toleo.

Alfajiri nikaenda Pongwe, kadi ya kumbukumbu
nimeifunga kwenye leso kama jino la mtoto.
Saa kumi na mbili na nusu ndoo ikapanda mzanini.
Bi Mwanakheri akainama, akasoma kioo taratibu:
"Sita. Nukta. Nane."

Hakutabasamu.
Akaifunika ndoo yake, akanitazama.

"Na za juzi?"