Ukuta Unaotoka Jasho

Tokeni za mia tano zilikwisha kabla ya alfajiri.
Mashine ikakohoa mara moja, ikanyamaza,
na joto likarudi chumbani kama mwenye nyumba.

Kaka yangu Bunu alikuwa na nia njema, nisimseme.
Mama alipougua hakupata usingizi,
naye akaleta saruji mifuko ishirini kwa punda,
akaupaka ukuta wa matumbawe ukawa laini mithili ya sahani,
akakifunika kiwanda kwa mabati, mvua isituingilie,
akatundika ile mashine nyeupe juu ya kitanda.
Mama alilala vizuri miezi minne,
kisha akalala ule usingizi mwingine.

Sisi tuliobaki Mkomani tukarithi deni.
Na ukuta ukaanza kutoka jasho,
chumvi ikachanua nyuma ya kabati.

Fundi Famau alikuja na tindo na kikohozi chake.
Hakuuliza kitu. Alibandika kiganja ukutani,
akasubiri, kama mkunga juu ya tumbo.
"Mmeuziba pua," akasema.
"Jiwe hili lilikuwa hai baharini. Lipeni chokaa."

Siku tisa tukibandua. Vumbi hadi ndani ya chai.
Chini ya saruji kikachungulia kidaka,
na ndani yake kikombe cha kahawa, mdomo umemeguka.
Siku mabati yaliposhuka
upepo ulishuka nayo, wala haukubisha hodi:
ukapita kiwandani, ukapanda ngazi, ukapekua mapazia,
msafiri aliyerudi akikagua vyombo vyake.

Mabati tumeyakunja mfereji. Maji ya dari hushuka birikani
na visamaki vya jirani hula viluwiluwi vya mbu.

Sipambi maneno. Saa nane ya Machi bado ni saa nane.
Chokaa huliwa na masika, hudai mkono mpya,
na tanuri lake hula kuni; Famau mwenyewe kakiri,
akihesabu pesa zake mara mbili.

Bunu alikuja Idi kutoka Mombasa.
Akainua macho juu ya kitanda:
matundu manne ya misumari.
"Iko wapi?"
Nikamwonyesha uani. Shomoro wamejenga ndani yake.
Hakusema neno. Akavua viatu,
akaegemeza mgongo ukutani, shati limelowa,
akakaa hivyo hadi adhana ya alasiri,
kama anayepimwa homa.