Herufi za Kimo cha Sisimizi

Mimi ndiye niliyezipanga, usitafute mkono mwingine.
Hapa Malindi, mtaa wa Barani, nyuma ya duka la mabati,
chumba chenye feni moja
na mashine inayokohoa karatasi za kunata
tangu asubuhi hadi adhana ya alasiri.

Aliyeleta kazi alivaa shati la pasi, na ulimi wake pia ulipigwa pasi.
Hakusema "danganya." Mola shahidi, hakulitamka.
Alisema: "Embe liwe kubwa. Likatwe katikati, lichuruzike.
Weka na tone la umande.
Kisha hapa andika 'ladha ya',
ndogo, ndogo zaidi, punguza tena,
na hilo EMBE lipige kelele."

Nikamwuliza, "Ndani mna embe?"
Akacheka. "Ndani mna ladha. Na tumeandika ladha.
Uongo uko wapi?"

Nikautafuta. Neno baada ya neno,
kama mchagua mchele anayejua jiwe limo.
Kila neno, ukilitafuna peke yake, lilikuwa safi.
Jiwe lilikuwa kwenye mpangilio,
na mpangaji ni mimi.

Wanasema sheria ni msumeno.
Ni kweli, ila hawa wanazijua nafasi kati ya meno,
hupita humo wakatoka bila mchubuko,
na risiti mkononi.

Tangu siku hiyo nimesoma sarufi nyingine.
"Hadi" ni kanzu ya kuazima, humtosha kila mtu:
punguzo hadi nusu bei, na nusu bei yenyewe
ni ya vibanio vya nguo, rafu ya mwisho, rangi ya kijivu.
"Kuanzia" ni kizingiti, ngazi utazihesabu ukishaingia.
"Husaidia" haiponyi, haiahidi, haishtakiki.
Mfuko wa unga ni ule ule, mkulima yule yule anachekelea,
gramu mia mbili zimeondoka usiku bila kuaga.
Na wala hazikufichwa! Uzito umeandikwa.
Lakini nani husoma mfuko anaoujua tangu utotoni?
Na ile nyota ndogo begani mwa neno:
zamani nyota zilisomwa kwa kuinua uso,
hii inakutaka uiname, uiname tena,
huko chini ambako masharti yamejikunyata.

Ijumaa mama mkwe alishuka kutoka Marafa
na magunia mawili ya ngowe.
Msimu umefurika, bei imekufa.
Gunia moja alilitoa kwa nauli, la pili likabaki na nzi,
na kwa vijisenti vilivyosalia
akamnunulia mjukuu wake boksi. Boksi langu.
"Ya dukani," alisema, "ina vitamini."

Akaligeuza kwa vidole vinavyolijua embe gizani.
"Mkwe, wewe msomi. Hili ni ngowe au ni boribo?"
Feni ya nyumbani ilikuwa imezimika. Nilisikia koo langu.
"Ni ladha, mama."
"Ladha ya embe la nani?"

Sikujibu. Akanusa mrija, akanyamaza,
akachukua kisu, akamenya ngowe lililobaki,
akampa Mbodze kipande kinachodondoka.
Mtoto akauma, akachomoa uzi katikati ya meno,
akakirudisha kwenye sahani.
"Hili si embe, bibi,"
akanyoosha kidole kwenye boksi, kwenye lile tone langu la umande.
"Embe ni hili."

Bibi alicheka. Alicheka kidogo kupita alivyopaswa,
kisha akala kile kipande mwenyewe, pamoja na nyuzi.

Jumatatu, kabla ya kuwasha mashine,
nililiongeza kimo "ladha ya" kwa nukta moja.
Moja tu.
Zikachapwa elfu sita.
Hakuna aliyeona. Hata yule wa shati la pasi
alipitisha kidole juu yake, akasema safi,
akalipa.